Vyombo vya Ndege Ndogo na Usalama wa Anga ya Kasese na Bwera

Ndege ndogo iondokayo kiwanja cha Kasese na kuelekea Bwera huwa na mlima mkono wake wa kulia na mpaka mbele yake. Milima ya Rwenzori, ambayo kilele chake kirefu kupita vyote hufikia mita 5,109, aghalabu hujifunika mawingu. Na ng'ambo ya Mpondwe kuna Kasindi, katika nchi ya Kongo. Katika nafasi hiyo nyembamba rubani hawezi kuyategemea macho yake peke yake. Hutegemea dira, kipimo cha kimo, kipimo cha mwendo, redio, na siku hizi chombo cha GPS kinachopokea ishara za setilaiti. Vyombo hivyo vikimdanganya, hatari ni mbili: kuugonga mlima, au kuvuka mpaka bila kujua na kudhaniwa adui na watu wenye silaha.

Jambo hili si la marubani na mafundi tu. Ndege ndogo za watalii, za misheni na za madaktari hulala katika viwanja ambavyo mara nyingi mlinzi wake ni askari. Askari husafiri ndani yake. Na ndege ikipotea, wanaotumwa kupanda mlima kuitafuta ni wanajeshi na polisi.

Yafaa kuanza na kitu kidogo kabisa. Chini ya bawa la ndege ndogo hutokeza mrija mwembamba, ambao mafundi huuita mrija wa pito. Ndege inapokwenda, upepo huusukuma mrija huo, na kadiri msukumo unavyozidi ndivyo kipimo cha mwendo kinavyopanda. Ubavuni mwa ndege kuna tundu jingine, dogo kama la sindano nene, ambalo huonja hewa tulivu ya nje. Tundu hilo ndilo linalokiambia kipimo cha kimo ndege iko juu kiasi gani, na kipimo cha mwendo nacho hulihitaji ili kutoa hesabu iliyo sawa.

Sasa nyigu wa matope, ambaye kila mtu wa Kasese amemwona akijenga chini ya dari, hupenda mashimo ya namna hiyo. Ndege ikikaa kiwanjani siku chache bila kifuniko, nyigu huingia na kujenga. Mrija ukizibwa kabisa, hewa iliyofungiwa ndani haiwezi kutoka. Ndege ikipanda, hewa ya nje hupungua nguvu lakini ile iliyofungiwa hubaki vile vile. Basi sindano huonyesha kwamba mwendo unazidi, hata kama ndege inapunguza mwendo. Rubani akiiamini sindano atainua pua ya ndege ili kupunguza mwendo, na ndege itapoteza nguvu ya kuelea.

Haya si maneno ya darasani. Tarehe 6 Februari 1996 ndege kubwa ya shirika la Birgenair ilianguka baharini karibu na Puerto Plata, katika Jamhuri ya Dominika, na watu wote 189 walikufa. Wachunguzi waliona kwamba mrija mmoja ulikuwa umeziba, na aliyeshukiwa zaidi ni nyigu. Ndege hiyo ilikuwa imekaa chini siku kadhaa bila mirija yake kufunikwa. Mwaka huo huo, tarehe 2 Oktoba, ndege ya Aeroperú ilianguka baharini karibu na Lima na kuua watu 70. Waliokuwa wakiiosha walikuwa wameyafunika matundu ya ubavuni kwa utepe wa gundi, kisha utepe ukasahauliwa. Ikiwa ndege kubwa zenye marubani wawili na vyombo vya akiba ziliangamia kwa sababu hiyo, ndege ya injini moja itaponaje?

Kwa hiyo vifuniko vyenye utepe mwekundu unaoning'inia si pambo. Mlinzi wa zamu akikuta kimeanguka, amwarifu rubani. Asikirudishe kimya kimya. Tena mtu asijaribu kuuzibua mrija kwa kuupuliza kwa mdomo, kwa kuwa kipimo kilichoko mwisho wa mrija ni laini na huharibika mara moja.

Dira ya sumaku ndicho chombo cha zamani kuliko vyote, nacho hakihitaji umeme hata kidogo. Adui yake ni chuma na sumaku. Bunduki iliyoegemezwa karibu na dashibodi, au redio ya mkononi yenye spika iliyowekwa juu yake, inaweza kuipotosha dira kwa nyuzi kadhaa. Katika safari fupi kosa hilo laweza kumwingiza rubani Kongo. Silaha na redio za abiria ziwekwe nyuma, mbali na dira. Fundi naye, kila anapobadilisha chombo katika dashibodi, hana budi kuigeuza ndege pande zote kiwanjani, kulinganisha dira na pande za kweli, na kuandika makosa yaliyosalia katika kadi ndogo inayobandikwa karibu na dira.

Redio ndiyo inayolalamikiwa kuliko chombo kingine chochote, na ndiyo inayoonewa zaidi. Rubani huandika kitabuni, "Redio mbovu," fundi huing'oa na kuipeleka karakana, nayo hurudi na jibu kwamba haina kosa. Siku ya pili yake malalamiko ni yale yale. Laiti rubani angeandika kwamba redio hupokea lakini haitumi, au kwamba hukatika ndege inapogeuka kushoto, kazi ingekuwa nusu imekwisha. Fundi mwenye busara huanza na vitu rahisi. Hubadilisha vipokea sauti vya masikioni. Hukagua vichomeo vyake, ambavyo huvutwa na kukanyagwa kila siku. Hufuata waya hadi kwenye antena na kutazama kama kutu imeingia mahali inapoungana na bati la ndege, maana vumbi la kiangazi likifuatwa na unyevu wa masika hufanya kazi hiyo vizuri sana. Panya pia wamo. Waya uliotafunwa hauonekani mpaka kifuniko kifunguliwe.

Mlio ndani ya masikio nao una maana yake. Ukipanda na kushuka pamoja na mzunguko wa injini, mshukiwa wa kwanza ni altaneta inayochaji betri. Izimwe kwa muda mfupi ndege ikiwa chini: mlio ukikoma, redio haina hatia. Na kile kitufe kinachoruka ili kuukata umeme unapozidi, kikiruka tena baada ya kurudishwa mara moja, kiachwe. Anayekirudisha mara ya tatu anatafuta moto angani.

Pengine hakuna kosa lolote, ila mlima. Mawimbi ya redio za ndege, kati ya megahezi 118 na 137, huenda moja kwa moja kama mwanga wa tochi. Ndege iliyo nyuma ya Rwenzori haitasikika Kasese hata redio yake ikiwa mpya.

Kuhusu GPS, pande za Bwera zina tatizo la peke yake. Mwaka 2024 wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliripoti kwamba mawimbi ya GPS yalikuwa yakivurugwa katika Kivu Kaskazini, jimbo linalopakana na Kasese. Fundi asipolijua hilo atafungua chombo kizima bure. Dalili yake ni hii: vyombo viwili visivyounganishwa, cha dashibodi na cha mkononi, hupotea kwa wakati mmoja mahali pamoja, kisha hupona pamoja ndege inaporudi. Chombo kibovu hakichagui mahali. Rubani aandike saa, mahali na kimo, na taarifa hiyo ifike kwa wakuu wa usalama, kwani ni habari ya kijeshi kama ilivyo ya ufundi. Wakati huo huo arudi kwenye dira, saa na ramani.

Limebaki lile sanduku dogo lililoko nyuma ya ndege, redio ya dharura, ambayo hujiwasha yenyewe kwa kishindo. Tangu tarehe 1 Februari 2009 setilaiti za uokoaji hazisikilizi tena mawimbi ya megahezi 121.5, husikiliza 406 tu. Chombo cha zamani bado husikika na ndege iliyo karibu, lakini hakiiti msaada kutoka mbali. Kile kipya hutuma namba ya ndege yake, na namba hiyo lazima iwe imeandikishwa, la sivyo waokoaji hawatajua wanamtafuta nani. Sheria za Marekani, zilikotengenezwa nyingi za ndege hizi, hutaka kikaguliwe kila miezi 12, na betri yake ibadilishwe ikiisha kutumika jumla ya saa moja au ikifika nusu ya umri wake.

Helikopta tatu za jeshi la Uganda zilipoanguka katika Mlima Kenya tarehe 12 Agosti 2012, zikiwa njiani kwenda Somalia, watafutaji walikabiliwa na msitu, baridi na mawingu. Rwenzori una hayo yote, pamoja na barafu. Tarehe ya mwisho ya betri huandikwa ubavuni mwa sanduku, na kuisoma huchukua muda usiozidi dakika moja.