Mtoto Anyamazaye Chuoni

Alitujia mama mmoja baada ya sala ya Alasiri, akakaa juu ya mkeka, akasema: "Maalim, mwanangu huyu nyumbani hanyamazi. Asomapo Alhamdu majirani humsikia. Vipi mwasema ni bubu?" Hatukuwa na jibu. Binti yule mwenye miaka saba alikuwa amekwisha kaa chuoni kwetu miezi minne, wala hatujapata kuisikia sauti yake. Tulipomwambia asome aliutazama msahafu, na uso wake ukakauka kama ubao. Nasi, Mwenyezi Mungu atusamehe, tulidhani ni kiburi. Tulimsimamisha mbele ya wenziwe mpaka asome, naye hakusoma. Siku moja alijikojolea palepale aliposimama, kwa kuwa hakuweza kuomba ruhusa ya kutoka. Ndipo tulipojua kwamba aliyekosa ni mwalimu.

Hali hii si ngeni kwa madaktari. Mwaka 1877 daktari wa Kijerumani, Adolf Kussmaul, aliandika habari za watu wawezao kusema ambao hawasemi, akauita ububu wa hiari. Mwaka 1934 Moritz Tramer wa Uswisi aliuita ububu wa kujichagulia. Majina hayo yote mawili yaliwadhulumu watoto, kana kwamba wamekaa wakashauriana na nafsi zao wakaamua kunyamaza. Mwaka 1994 madaktari wa Marekani walilibadili jina lionyeshe kwamba ububu huo ni wa mahali fulani tu, na mwaka 2013 wakauweka katika maradhi ya hofu. Shirika la Afya Duniani nalo limeuweka humo katika orodha yake iliyoanza kutumika mwaka 2022. Basi ni hofu, ndugu zetu, wala si ukaidi. Mtoto ataka kusema, na koo lamfunga.

Mara nyingi huanza kabla ya miaka mitano, lakini hudhihirika mtoto apelekwapo shule au chuoni. Mwezi wa kwanza wa masomo hauhesabiwi, maana wengi huona haya. Wala hahesabiwi mtoto asiyeijua lugha isemwayo hapo. Wako wasemao kwamba mtoto ameingiwa na shetani, na wako wasemao kwamba yatamtoka mwenyewe. Hao wa pili ndio tuwaogopao zaidi, kwa kuwa mtoto akiachwa miaka mingi huuzoea ukimya wake, na watu nao humzoea hivyo.

Baadhi ya watoto hawa huudhiwa pia na mambo ambayo sisi hatuyahisi. Binti yule alikuwa akiziba masikio wenziwe wakisoma wote kwa pamoja, na mvua ikinyesha juu ya bati alijikunja. (Sisi tumekaa katika kelele hizo zaidi ya miaka thelathini, hata hatuzisikii tena.) Mamaye alitueleza kwamba humvika nguo ya ndani nje, kwa kuwa mshono humchoma. Tulikuwa tukimcheka kwa hilo.

Mwuguzi mmoja, shangazi wa mwanafunzi wetu, ndiye aliyetuonyesha njia. Kwanza alitaka mtoto apimwe masikio, nayo yakaonekana mazima. Kisha alituambia tuache kumtaka aseme: tusimtishe, tusimhonge kwa halua, wala tusimjibie kila aulizwapo, maana anayejibiwa siku zote hapati haja ya kusema. Tukimwuliza jambo, tumpe mawili achague, kisha tuhesabu kimoyomoyo mpaka tano. Tulimsogeza penye dirisha mbali na makelele, tukampa kijibao akiweke mbele yetu atakapo kwenda chooni. Hakujikojolea tena.

Halafu mamaye akawa anakuja naye chuo kikiwa kitupu. Mtoto alimsomea mamaye, nasi tuko barazani, tumempa mgongo. Siku zilizofuata tulikaa mlangoni, kisha pembeni ya mkeka, kila hatua siku kadhaa. Akinyamaza twarudi nyuma. Katika wiki ya sita alisoma Kulhuwallahu nasi tumekaa karibu naye. Tulitaka kupiga kelele kwa furaha, lakini tulikuwa tumekwisha onywa kwamba kushangiliwa nako humtisha, basi tukamfunulia ukurasa uliofuata. Ndipo mama akaanza kujisogeza mbali kidogo kidogo, na rafiki mmoja akaingizwa.

Tulipokuwa tukingoja barazani tulimkumbuka Nabii Musa, alayhi ssalaam. Alipotumwa kwa Firauni alimshtakia Mola wake dhiki ya kifua na uzito wa ulimi, akamwomba ndugu yake Harun awe pamoja naye. Hakuitwa mkaidi, alipewa ndugu. Nasi kisa hicho tumekifundisha mara ngapi, na fimbo i mkononi!

Sasa binti husoma mbele yetu na wenziwe watatu, kwa sauti ndogo. Dukani bado hasemi; humpa mwenye duka fedha na kikaratasi alichoandika mamaye, naye mwenye duka, Mungu amjazi, hukisoma bila kumwuliza neno.