Je, wajua? Ubalozi umekaa palipokuwa na sinema ya magari

Ubalozi wa Marekani ulioko Msasani, kando ya Barabara ya Old Bagamoyo jijini Dar es Salaam, umejengwa palipokuwa na Drive-in, sinema ya wazi iliyofunguliwa mwaka 1966. Mtu aliingia na gari lake, akaegesha kuelekea skrini kubwa, akaning'iniza spika dirishani na kutazama filamu akiwa kitini. Familia zilikuja na vyakula vyao, na filamu za Kihindi zilipendwa mno. Ukilinganisha na kibanda umiza, yaani kibanda cha kuonyeshea video, cha Tindiga au Mikumi mkoani Morogoro, hiyo ilikuwa anasa ya wenye nacho.

Mtindo wenyewe ulianzia Marekani: sinema ya kwanza ya aina hiyo ilifunguliwa na Richard Hollingshead mwaka 1933, huko New Jersey.

Cha ajabu ni wakati ambapo Drive-in ya Dar es Salaam ilifunguliwa. Miezi michache tu baadaye, Februari 1967, likatangazwa Azimio la Arusha, na gari binafsi likaanza kutazamwa kwa jicho la wasiwasi. Mafuta yalipoadimika miaka ya 1970, serikali ikapiga marufuku magari binafsi kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Hebu fikiria sinema ya magari bila magari!

Kisha zikaja kanda za video, na mwaka 1994 vituo vya televisheni vikaanza Tanzania Bara, hivyo watu wakaweza kutazama filamu nyumbani. Nao ubalozi wa zamani wa Marekani jijini Dar es Salaam ulilipuliwa kwa bomu tarehe 7 Agosti 1998. Huu mpya wa Msasani, uliojengwa palipokuwa na Drive-in, ulifunguliwa mwaka 2003.