Mtoto Aliyeumia Moyoni Anahitaji Shule ya Namna Gani?



Wengi wetu hapa Kitengela na Kajiado tunaishi na watoto ambao hatukuwazaa. Kuna yatima, kuna aliyeachwa na mama aliyekwenda kutafuta kazi, na kuna msichana aliyekimbia kuozwa. Tunanunua yunifomu, tunachanga pesa za karo, halafu muhula ukiisha tunashangaa: mbona mtoto hafaulu? Wengine husema, "Huyu ni mkaidi tu." Tusikimbilie hapo.

Kwa nini masomo hayaingii

Mtoto aliyefiwa, aliyepigwa ama aliyehamishwa nyumba hadi nyumba ni kama mchungaji aliyesikia fisi usiku. Halali, anasikiliza tu. Mwalimu anafundisha hesabu, yeye anawaza kama jioni atafukuzwa. Ndiyo maana anasinzia, anasahau, anapigana, ama ananyamaza kabisa. Kiboko hakitibu hofu, kinaiongeza. Tena viboko shuleni vilikatazwa Kenya mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikakazia.

Shule ndogo za uponyaji hufanya nini

Katika nchi kama Marekani na Uingereza kuna shule ndogo za watoto wa namna hii. Kazi yao si miujiza:

1. Darasa lina watoto wachache, kwa hivyo mwalimu anaona mapema nani amekuja akiwa na huzuni.
2. Mtoto anapata ushauri nasaha hapo hapo shuleni, kama sehemu ya siku yake.
3. Anaanzia pale alipoachia masomo, hata kama wenzake wa rika lake wako mbele.
4. Siku ina utaratibu usiobadilika-badilika. Mtoto akijua kitakachofuata, hofu inapungua.
5. Akikosea anarekebishwa, lakini hafukuzwi. Kwake, kufukuzwa ni kuachwa tena.

Mfano wa hapa kwetu

Sisi wa Kajiado tuna somo letu wenyewe. Katika miaka ya 1990, mwalimu mkuu Priscilla Nangurai wa shule ya msingi ya bweni ya wasichana ya AIC Kajiado alijulikana kwa kuwapokea wasichana waliokimbia ukeketaji na ndoa za mapema. Hiyo haikuwa shule ndogo ya aina tuliyoeleza. Lakini msichana alipata mahali salama pa kulala na mtu mzima wa kumtetea, kisha ndipo akashika kitabu. Usalama kwanza, masomo yakafuata.

Kikundi kifanye nini?

Kujenga shule hatuwezi leo. Lakini tazameni Uingereza: tangu 2014 sheria inataka kila serikali ya mtaa iwe na afisa wa kufuatilia masomo ya watoto wanaolelewa chini ya serikali. Hilo la kufuatilia, chama cha watu kumi na tano kinaliweza.

- Mchague mtu mmoja kwa kila mtoto. Aende shuleni mara kwa mara, aongee na mwalimu, na asibadilishwe kila mwezi.
- Mwambieni mwalimu kwamba mtoto amepitia mambo mazito. Si lazima kueleza siri zake zote.
- Tafuteni chumba, hata cha kanisa, watoto wachache wasome jioni na mtu mpole. Wasizidi wanane. Wapewe uji kwanza.
- Msimtaje mtoto mbele ya watu kama mfano wa shida. Ati "huyu ndiye tuliyemwokota"? Hapana.
- Msichukue mtoto kimyakimya. Nendeni kwa afisa wa watoto, ili malezi yafuate Sheria ya Watoto ya 2022. Mtoto akiwa hatarini, piga simu 116, ni bure.

Jambo hili haliwezi kungoja. Mpango wa serikali wa 2022 hadi 2032 unataka watoto watoke kwenye makao ya watoto, walelewe katika familia. Ni jambo jema, lakini maana yake ni kwamba watoto wengi zaidi watabisha milangoni mwetu. Tukiwapa kitanda na karo peke yake, wengi wataacha shule, na wasichana watarudi kwenye ndoa ile ile waliyoikimbia.

Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Sasa basi, kikundi chetu kina mikono mingapi?

Maswali ya kujadili mkutanoni

1. Ni watoto wangapi katika kikundi chetu wanalelewa na watu wasio wazazi wao?
2. Kila mmoja wao, ni nani anayemjua mwalimu wake kwa jina?
3. Nani atajitolea kuanza wiki hii?