Hewa Ndiyo Inayosukuma Petroli

Mwaka 1959 kiwanda cha Triumph kilichokuwa Meriden, Uingereza, kilitoa pikipiki ya cc 650 yenye slinda mbili na kabureta mbili, kikaiita Bonneville T120. Jina lilitoka kwenye uwanda wa chumvi wa Utah, Marekani, ambako watu hushindana kwa mwendo. Namba 120 ilidokeza maili 120 kwa saa, yaani kama kilomita 193. Kiwanda hicho hicho kiliuza pia TR6, ndugu yake wa karibu mwenye kabureta moja, na ukiniuliza mimi, mtu anayetaka kusafiri kwa raha angenunua hiyo. Lakini waliopenda sifa walitaka mbili, na sifa ina gharama zake.

Gharama hizo zinawafikia mpaka leo wanaofufua Bonneville za miaka ya sitini. Wanapaka rangi tangi, wanang'arisha kromu, wanaziba oili inayovuja, halafu wanakwamia pale pale. Injini inawaka lakini haitulii kwenye slo, inapiga misi ukiongeza resi kidogo, na ukitoa plagi unakuta moja nyeusi tii na nyingine nyeupe pe. Wengi hukimbilia bisibisi. Afadhali kwanza kuelewa jambo lililowahangaisha wataalamu zamani sana, kabla injini haijabuniwa: injini haivuti petroli. Hewa ndiyo inayoisukuma.

Unapokunywa dafu kwa mrija, mdomo haunyanyui maji. Unachofanya ni kupunguza hewa iliyo ndani ya mrija. Hewa iliyobaki juu ya maji, yenye mgandamizo wa anga lote, inayasukuma yapande. Evangelista Torricelli alilionyesha hilo huko Italia katika miaka ya 1640. Mafundi wa visima walikwisha kuona kwamba pampu ya kunyonya haipandishi maji zaidi ya mita 10 hivi, hata ufanyeje. Torricelli akachukua mrija wa kioo uliozibwa upande mmoja, akaujaza zebaki, akaugeuza ndani ya bakuli la zebaki. Zebaki ikashuka, ikasimama kwenye sentimita 76 hivi. Kwa kuwa zebaki ni nzito kuliko maji zaidi ya mara 13, hesabu zikakubaliana: hewa ina uzito, na nguvu yake ya kusukuma ina kikomo.

Ndiyo maana bakuli la petroli lililo chini ya kabureta lazima liwe na tundu la kuingiza hewa, na tangi vilevile. Dereva wa bodaboda aliyewahi kuweka nailoni chini ya kifuniko cha tangi ili mvua isiingie anaujua ugonjwa wenyewe: pikipiki inakwenda kilomita kadhaa, inazima, anafungua kifuniko, hewa inaingia fyuu, inawaka tena. Wapo waliobadilisha plagi na koili kwa ugonjwa huo, wakapoteza hela bure.

Kinachobaki ni kupunguza mgandamizo pale unapotaka petroli itokee. Daniel Bernoulli alichapisha kitabu chake cha mwendo wa vimiminika mwaka 1738, na Giovanni Battista Venturi, padri na mwalimu wa fizikia kutoka Italia, akachapisha majaribio yake mjini Paris mwaka 1797. Venturi alishughulika na maji yanayopita kwenye bomba lenye sehemu nyembamba. Kiasi kile kile lazima kipite pembamba, kwa hiyo kinakwenda mbio. Na kitu hakiongezi mwendo bila kusukumwa kwa nyuma zaidi kuliko kinavyozuiwa kwa mbele. Maana yake, penye wembamba mgandamizo ni mdogo kuliko kabla ya kufika hapo. Toboa tundu dogo hapo, liunganishe na bakuli la petroli, na anga litafanya kazi iliyobaki. Ilichukua karibu miaka 100 kabla ya mtu kupata sababu ya kulitoboa. Mnamo 1893 Wilhelm Maybach kule Ujerumani, na Donát Bánki na János Csonka kule Hungaria, kila upande kivyake, walikuwa na kabureta ya kunyunyiza petroli. Zile za kabla yake zilipitisha hewa juu ya petroli na kutegemea mvuke wake.

Kabureta za Bonneville ya 1968 ni Amal Concentric zenye koo la milimita 30. Ndani yake kuna slaidi inayopanda na kushuka kadiri unavyozungusha mkono wa resi, na kila hatua ya mkono ina bwana wake. Kuanzia kufungwa hadi thumni ya mzunguko, anayetawala ni jeti ndogo ya slo pamoja na skrubu ya hewa. Hadi robo ni mkato ulio chini ya slaidi. Kati ya robo na robo tatu ni sindano iliyochongoka, inayoacha nafasi kubwa zaidi kadiri inavyonyanyuka. Jeti kubwa haina kauli mpaka mkono ukaribie mwisho. Anayebadilisha jeti kubwa kwa sababu injini haitulii kwenye slo anatibu goti kwa maumivu ya jino.

Mara nyingi mwenye kosa ni yule mdogo. Kwenye Concentric nyingi jeti ya slo imepigiliwa ndani kabisa, haitoki, na tundu lake ni milimita 0.4 tu. Pikipiki ikikaa muongo mzima bandani, petroli hukauka na kuacha utandu unaoliziba. Kuichovya kabureta kwenye dawa na kupuliza upepo hakutoshi. Mafundi huingiza kijiti cha kutobolea cha kipimo hicho hicho kupitia tundu la skrubu ya hewa, wakikizungusha kwa vidole, taratibu, ili wasilipanue. Baada ya hapo skrubu inafungwa hadi iguse, kisha inafunguliwa mzunguko mmoja na nusu, ndipo injini ikiwa moto unatafuta pale inapotulia vizuri zaidi.

Kosa la pili ni hewa ya wizi. Chuma cha kabureta hizi ni laini, na watu waliokaza nati kwa hasira miaka 50 iliyopita waliipinda sahani inayokaa kwenye injini. Hewa ikipenya hapo haijapita kooni, kwa hiyo haijabeba petroli. Mchanganyiko unakuwa mwepesi, plagi inakuwa nyeupe, na hakuna skrubu itakayoponya. Weka rula juu ya sahani. Ukiona mwanga katikati, isugue kwenye msasa uliolazwa juu ya kioo mpaka inyooke.

Halafu kuna mahali ulipo. Septemba 1648 Florin Périer, shemeji yake Blaise Pascal, alipandisha mrija wa zebaki kwenye mlima wa Puy de Dôme, Ufaransa, wenye mita 1,465. Mwingine aliuacha mjini ukilindwa na mtawa. Kileleni zebaki ilikuwa imeshuka kama sentimita 8. Ule wa mjini haukusogea. Anga lilikuwa limepungua juu ya kichwa cha Périer.

Anayetoka Mombasa kwenda Nairobi, au Dar es Salaam kwenda Mbeya, anapanda juu kuliko Périer. Kwenye mita 1,700 hivi, hewa inayojaa slinda moja ina uzito uliopungua kwa karibu sehemu ya sita. Petroli nayo inapungua, ila si kwa kiasi hicho, kwa hiyo mchanganyiko unakuwa mzito kwa karibu asilimia 9. Lita moja ya petroli inahitaji kama kilo 11 za hewa ili iungue sawasawa. Pwani hizo ni kama lita 9,000, bara ni zaidi. Pikipiki iliyosetiwa Mombasa ikifika Nairobi inatoa moshi mweusi na kula mafuta, na mwenyewe analaumu petroli ya bara. Jeti ndogo zaidi inarudisha uwiano. Nguvu iliyopotea hairudi, kwa sababu hewa yenyewe haipo.

Sasa kabureta ziko mbili, na lazima zikubaliane. Pistoni za Bonneville hupanda na kushuka pamoja lakini hulipuka kwa zamu. Slaidi moja ikitangulia kwa nusu milimita, slinda moja inambeba mwenzake. Kabla ya kugusa lolote hapa, hakikisha valvu na taimingi viko sawa, maana moto uliochelewa hujifanya kabureta mbovu. Kisha unaseti slo ya kila upande, na mwisho unarekebisha kebo ili slaidi zinyanyuke kwa wakati mmoja. Wenye sikio husikiliza eksozi. Wengine huunganisha mipira kwenye njia za hewa na kusoma nguzo za zebaki zinazosimama sambamba, kifaa kilichokuwa cha kawaida gereji zilipoanza kupokea Honda CB750 ya 1969 yenye kabureta nne. Ni mrija wa Torricelli, isipokuwa sumu ya zebaki sasa inajulikana, na ukipiga resi vibaya inaweza kunyonywa ndani ya injini. Vipimo vya mshale vinatosha.

Ukimaliza, acha injini iungurume kwenye slo, kisha geuza usukani kushoto mpaka mwisho, halafu kulia. Mlio ukipanda upande wowote, kebo inavutwa. Ipitishie njia nyingine chini ya tangi kabla hujaingia barabarani.