TUFANI HAISOMI RAMANI



Sisi wakulima wa karafuu tumezoea kuogopa mvua wakati wa kuanika na ukame wakati wa mikarafuu kutia maua. Upepo mkubwa hatuufikirii, maana wengi wetu hatujauona. Kwa ajili hiyo tumeona yafaa kuwaletea khabari za Grenada, kisiwa kidogo cha Bahari ya Karibi, ambako kungumanga ni kama karafuu kwetu. Wenyewe hukiita Kisiwa cha Viungo, na picha ya kungumanga wameitia katika bendera yao. Wakulima wake wana chama cha ushirika tangu mwaka 1947.

Mbali na viungo, Grenada ina riziki nyingine, nayo ni mashua za starehe. Wageni wenye nafasi, wa Ulaya na Marekani, huzunguka visiwa vile kwa vyombo vyao vya matanga. Inapofika miezi ya tufani, tangu Juni hata Novemba, hutafuta pahala pa kuviweka. Grenada iko kusini, kiasi cha nyuzi 12 tu kaskazini ya Ikweta, na tangu tufani ya Janet ya Septemba 1955 ilikaa miaka mingi bila ya pigo kama lile. Basi kampuni za bima zikapiga mstari katika ramani, kaskazini kidogo ya kisiwa. Chombo kilicholala kusini ya mstari huo kilihesabiwa kuwa kimesalimika, na ghuba za kusini ya Grenada zikajaa mashua.

Tarehe 7 Septemba 2004 ilikuja tufani iliyoitwa Ivan, na haikuusoma mstari ule. Watu 39 walikufa. Katika kila nyumba 10, kiasi cha 9 ziliharibika. Hasara ilikadiriwa kuwa karibu mara mbili ya pato la nchi nzima kwa mwaka. Mashua zilizokuwa majini zilikata nanga zikatupwa pwani na mikokoni. Zilizopandishwa nchi kavu zilikuwa zimesimamishwa juu ya nguzo za chuma, zimepangwa karibu karibu. Moja ilipoanguka iliisukuma ya pili, na ya pili ikaisukuma ya tatu, kama magunia yaliyopangwa vibaya ghalani.

Pengine mtu atasema: mashua ya mwenye mali ikivunjika, yamhusu nini masikini? Yamhusu sana. Mashua moja humlisha seremala, fundi wa matanga, mpaka rangi, mlinzi, mvuvi anayemwuzia mgeni samaki, na mama anayemfulia nguo. Mwenye chombo chenye bima hungoja kulipwa, au hupanda ndege akaenda kwao. Fundi hubaki pale pale, nyumba haina bati na kazi haipo.

Lakini pigo la mashua lina dawa ya karibu. Ubao hubandikwa, mlingoti husimamishwa, na baada ya miezi chombo hurudi baharini. Mti hautengenezwi. Ivan iliangusha sehemu kubwa kabisa ya mikungumanga ya Grenada, nchi iliyokuwa ya pili duniani kwa zao hilo baada ya Indonesia. Mkungumanga hukaa miaka 6 au 7, na zaidi, ndipo uzae vyema. Tena mche haujulikani kama ni dume au jike mpaka utie maua. Kabla jeraha halijapona, Julai 2005 ikaja tufani nyingine, Emily. Wakulima wengine walikuwa wazee, hawakuwa na nguvu ya kuanza tena. Wengine waligeukia kakao. Zaidi ya miaka 20 imepita, na zao la kungumanga halijarudi katika kiasi chake cha zamani.

Tarehe 1 Julai 2024 tufani Beryl ilikipiga Carriacou, kisiwa kilicho chini ya Grenada, chenye sifa ya kuunda mashua za mbao. Nyumba zake karibu zote ziliharibika, na vyombo vingi vilivyokimbilia mikoko ya Tyrrel Bay viliumia humo humo.

Tusidhani kuwa hayo ni ya mbali. Tarehe 15 Aprili 1872, zama za Seyyid Barghash, tufani iliipiga Unguja. Majahazi na merikebu zilizama bandarini, za Seyyid mwenyewe zikiwamo, na mikarafuu na minazi mingi ikang'oka. Pemba ilisalimika kwa sehemu kubwa, na baada ya hapo ndiyo iliyoshika mbele kwa karafuu. Na Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipofika jirani ya Mafia, safari za boti baina ya Dar es Salaam na Unguja zilisimamishwa. Karibu na Ikweta tufani ni nadra, lakini nadra si muhali.

Yatupasa basi kufanya nini? Kwanza, tangazo la hali ya hewa lisikizwe na litiiwe. Watu wa Grenada, baada ya Ivan, walijifunza kuvifunga vyombo vilivyo nchi kavu kwa mikanda mpaka kwenye nanga zilizozikwa ardhini. Nasi wenye mashua na ngalawa tuzipandishe mapema, tuteremshe milingoti, na tuzifunge kwa kamba nzima. Pili, tuihifadhi mikoko, kwani huvunja nguvu ya mawimbi kabla hayajafika majumbani. Tatu, na hili ndilo kubwa, tusingoje mikarafuu ianguke ndipo tupande. Shamba lenye miti ya umri mmoja, likipigwa, humwacha mwenyewe mikono mitupu. Tupande kidogo kidogo kila mwaka, na chini yake tuweke muhogo na migomba. Hivyo vyaweza kuanguka pia, lakini huzaa tena upesi, na mkulima hupata cha kula akingoja mche wake.

Mwenyezi Mungu atuepushe na shari ya upepo. Nasi kwa upande wetu, kila mwanachama na ajiulize: mwaka huu nimetia ardhini miche mingapi?

Katibu wa Chama