Mwanza: Baridi au ya Moto?

Agiza bia kwenye baa yoyote ya Kirumba au Nyegezi, na kabla mhudumu hajaondoka atakuuliza: "Baridi au ya moto?" Ya moto haijapashwa jikoni. Ni chupa iliyotoka kwenye kreti bila kupita kwenye friji, na wazee wengi wa Kanda ya Ziwa hawataki nyingine. Watalii hucheka.

Wanaotoka Uingereza ndio wenye sababu ndogo kabisa ya kucheka. Kwenye baa za kwao, ale halisi, bia ambayo chachu yake bado iko hai, hukaa kwenye pipa chini ya sakafu, katika nyuzi joto 11 hadi 13, ikivutwa kwa pampu ya mkono. Wanaoipenda huapa kwamba baridi kali inaua ladha. Mwaka 1971 wanywaji wanne waliunda chama cha kuitetea, CAMRA, walipoona bia za viwandani, zilizochujwa na kujazwa gesi, zinaisukuma nje ya baa. Kweli, chupa ya moto ya Mwanza inazidi nyuzi 13 kwa mbali. Hata hivyo mzee wa Kirumba na mzee wa Yorkshire wangeelewana: wote wanataka kuonja wanachokilipia.

Ukitaka kujaribu ya moto, anza na Safari. Imekuwa sokoni tangu 1977, ina kilevi cha asilimia 5.5, na ule uchungu wake unavumilia joto. Kilimanjaro, yenye asilimia 4.5, ni nyepesi mno kwa kazi hiyo. Iache ipoe, uinywe na sato wa kuchoma, kachumbari na ndimu, upepo wa ziwa ukikupiga. Zote mbili ni za Tanzania Breweries, kampuni iliyoanzia Dar es Salaam mwaka 1933, ikataifishwa baada ya Azimio la Arusha, kisha mwaka 1993 nusu yake ikauzwa kwa Waafrika Kusini. Ina kiwanda hapa Mwanza. Mshindani wake, Serengeti, naye anacho chake hapa hapa, na tangu mwaka 2010 hisa zake nyingi ziko mikononi mwa East African Breweries ya Nairobi, wenye Tusker. Kwa hiyo ubishi wa Safari na Serengeti unaousikia meza ya jirani ni ubishi wa mashirika makubwa pia, ingawa wanaobishana hawajali hata kidogo.

Halafu kuna Balimi. Hii ndiyo bia ambayo mgeni hakuizoea Dar es Salaam, maana ilikusudiwa watu wa ukanda huu, na kwa miaka mingi jina lake limebebwa na mashindano ya mitumbwi ya Mwanza, Ukerewe, Musoma na Bukoba. Wapiga kasia ni wavuvi wenyewe, si wanamichezo wa klabu. Ukibahatika kufika siku ya mbio, nenda ufukweni mapema; bia yenyewe unaweza kuinywa siku yoyote.

Ukivuka mpaka, ziwa lina chupa nyingine: Nile Special kutoka Jinja, pale Mto Nile unapoanza safari, na Bell, iliyochukua jina la bandari ya Port Bell karibu na Kampala. Nzuri zote.

Lakini niseme wazi: mgeni aliyejaribu chupa hizi zote bado amekunywa bia ya aina moja. Zote ni lager, bia inayochachushwa kwenye baridi na kutulizwa kabla ya kuchujwa. Huko Uingereza mtu anaweza kusogea kwenye kaunta moja kutoka bitter hadi mild, kutoka porter nyeusi hadi pale ale. Kwetu tofauti za namna hiyo kwa sehemu kubwa haziko kwenye friji. Ziko kilabuni, mahali ambapo vitabu vya watalii havimpeleki mtu.

Chukua pombe ya mtama ya Usukumani. Mtama hulowekwa hadi uote, hukaushwa, husagwa, kisha hupikwa uji, hupozwa na kuongezwa kimea. Joto la kawaida hufanya kazi iliyobaki. Ni nzito, chachu, ina makapi, na bado inachemka taratibu unapoipokea. Haikai: leo tamu, kesho kali, keshokutwa ya kumwaga. Pipa la ale nalo, likishafunguliwa, linatakiwa kumalizwa kwa siku kama tatu, kwa sababu hewa inayoingia huiharibu bia. Na katika zote mbili chachu bado iko hai. Ndiyo maana nasema pombe ya mama wa Kisesa, nje kidogo ya Mwanza, iko karibu zaidi na ale ya Kiingereza kuliko Safari ilivyo. Mpikaji ataonja kwanza mbele yako. Ni adabu, tena ni hakikisho. Kisesa pia ndiko yaliko Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, na mwezi Juni ngoma za Bulabo huvikutanisha vikundi vya ngoma vya Bagika na Bagalu, kwa hiyo safari hailazimiki kuwa ya pombe peke yake.

Wanzuki, pombe ya asali, asili yake ni zaidi upande wa Tabora, na utamu wake unadanganya. Kunywa umekaa na usiharakishe kusimama. Gongo iache. Ni haramu kisheria, na hakuna anayejua kilichomo ndani ya chupa hiyo, pengine hata muuzaji.

Iliyo bora kuliko zote, kwa ulimi wangu, inahitaji usiku mmoja majini. Panda MV Victoria jioni, asubuhi uko Bukoba, nchi ya rubisi. Ndizi zilizoivishwa hukanyagwa pamoja na nyasi ndani ya gogo lililochongwa kama mtumbwi, kazi ya wanaume kwa desturi, na maji yake huchanganywa na unga wa mtama uliokaangwa, yakafunikwa kwa majani ya migomba. Siku inayofuata inanyweka. Zamani fungu la kwanza lilipelekwa kwa Mukama, mfalme wa Wahaya. Mpaka leo Wahaya hawaendi kuposa bila rubisi. Huko hakuna atakayekuuliza baridi au ya moto. Uliza tu imekanyagwa lini.