Saa ya mazoezi: lipia kile inachoweza kupima

Siku hizi si ajabu ndani ya daladala kumwona mtu akikunja mkono wa shati na kuitazama saa yake, hali hana haja ya kujua kama amechelewa kazini. Anatazama hatua alizotembea tangu asubuhi. Saa hizi, ambazo nyingine ni bangili nyembamba tu za mpira, zimeenea katika maduka ya miji yetu, na bei zake zinapishana kama mbingu na ardhi. Mfanyakazi aliyeshauriwa na daktari apunguze uzito, au mama aliyeazimia kuanza kutembea kila jioni, akifika dukani huwekewa mezani saa tele zinazofanana, kila moja ikinadiwa kwamba inapima moyo, usingizi, presha na hata sukari. Makusudio ya makala hii, ndugu msomaji, ni kukuwezesha utoke dukani na kitu kikufaacho, tena ukiwa bado na nauli ya kurudia nyumbani.

Hapana budi kwanza tuelewe saa hizi zinafanya nini hasa. Ndani yake mna kifaa kidogo kinachohisi mtikiso. Mkono unapopunga wakati wa kutembea, kifaa hicho huhesabu hatua. Upande wake wa chini, unaogusa ngozi, mna taa ndogo za kijani. Damu hufyonza mwanga wa kijani, na kila moyo upigapo, damu iliyomo katika mishipa midogo ya mkono huongezeka kisha hupungua. Kwa hiyo mwanga unaorudi hupungua na kuongezeka vivyo hivyo, na saa huhesabu mabadiliko hayo na kuyaita mapigo ya moyo. Katika saa za bei ndogo, sehemu kubwa ya mengine yote unayoonyeshwa, yaani kalori, usingizi, uchovu na hata "umri wa mwili", ni makisio yanayotokana na hayo mawili pamoja na umri, urefu na uzito ulioandika mwenyewe katika programu ya simu.

Tofauti baina ya kupima na kukisia si ndogo. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, huko Marekani, walijaribu saa na bangili za aina saba kwa watu 60 waliotembea, wakakimbia na kuendesha baiskeli. Kwa upande wa mapigo ya moyo, aina sita kati ya saba hazikukosea zaidi ya asilimia 5. Lakini kwa upande wa kalori, iliyofanya vizuri kuliko zote ilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na iliyofanya vibaya kupita zote ilikosea kwa asilimia 93. Kwa hiyo mtu anayekula sahani ya pili ya pilau kwa sababu saa imemwambia ameunguza kalori za kutosha, anakula kwa kubahatisha.

Hata hivyo kalori haziui. Linalonitia wasiwasi ni presha na sukari, kwa maana katika familia nyingi za mjini yumo baba au shangazi mwenye mojawapo ya maradhi hayo, na mara nyingi mtoto aliyeanza kazi hufikiria kumnunulia saa kama zawadi. Februari 2024 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba haikuwa imeidhinisha saa wala pete yoyote inayodai kupima sukari ya damu yenyewe, bila kutoboa ngozi. Zipo saa zinazoonyesha tarakimu za sukari zilizotumwa na kifaa maalumu kilichochomekwa katika ngozi ya mgonjwa. Hizo ni jambo jingine. Lakini saa ya bei ndogo inayotoa tarakimu ya sukari kwa kuwasha taa tu inatunga. Mgonjwa anayechoma insulini akiifuata tarakimu hiyo anaweza kujichoma dozi kubwa mno, sukari ikashuka, akapoteza fahamu, na akafa katika muda wa saa chache.

Presha nayo ina hadithi yake. Kampuni ya Samsung, ambayo baadhi ya saa zake hukadiria presha, humtaka mwenye saa aisahihishe kwa mashine ya kufunga mkononi kila baada ya majuma manne. Ikiwa saa ghali huihitaji mashine hiyo, basi ile inayouzwa kwa bei ya viatu vya mtumba na kutoa presha yako papo hapo haistahili kuaminiwa. Ukiwa na mzazi mwenye presha, mnunulie mashine yenyewe, ile inayofungwa juu ya kiwiko, na saa umwachie kijana.

Sasa tuje kwenye fedha. Watu wengi hulipia zaidi kwa ajili ya GPS, yaani uwezo wa saa kupokea ishara za satelaiti na kujua umekwenda umbali gani na kwa kasi gani. Bangili nyingi za bei nafuu hazina uwezo huo, bali huazima ule wa simu. Maana yake ni kwamba hapana budi ukimbie na simu mfukoni. Kwa mfano, Xiaomi Smart Band 9, iliyotolewa mwaka 2024, iliuzwa Ulaya kwa yuro 40 hivi na haina GPS yake yenyewe. Garmin Forerunner 55, ambayo ni saa ya mkimbiaji na inayo, ilitolewa mwaka 2021 kwa dola 200 huko Marekani. Hapa kwetu bei hubadilika duka hadi duka, lakini pengo ni lile lile: mara nne au zaidi. Je, unalihitaji? Ikiwa unajiandaa kwa mbio za kilomita 21 na unataka kujua kila kilomita umeitumia dakika ngapi, ndiyo. Ikiwa unatembea kutoka kazini hadi nyumbani, njia hiyo unaifahamu tangu zamani na haihitaji satelaiti.

Wala usibabaishwe na zile hatua 10,000 zinazotajwa kila mahali. Hazikutoka kwa daktari. Mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya michezo ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni moja ya Japani ilianza kuuza kifaa cha kuhesabia hatua kilichoitwa "manpo-kei", yaani kipimo cha hatua elfu kumi. Lilikuwa jina la biashara, nalo likawa sheria. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2019 juu ya wanawake wazee wapatao 17,000 ulionyesha kwamba waliotembea hatua 4,400 hivi kwa siku walikufa wachache kuliko waliotembea 2,700, na kwamba baada ya hatua 7,500 hivi hapakuwa na nyongeza ya faida. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, halihesabu hatua kabisa. Lataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya kadiri kwa juma.

Ukishaamua, uliza dukani mambo haya kabla ya kufungua pochi. Je, itakubaliana na simu uliyo nayo? Apple Watch, kwa mfano, haitumiki na simu za Android, nazo ndizo wengi wetu tulizo nazo. Je, waya wake wa kuchajia unapatikana? Kila aina huwa na kichwa chake, na ukipotea, saa imekuwa bangili ya urembo. Ukiona imeandikwa "5 ATM", inavumilia kuogelea; lakini maji ya moto na sabuni huziharibu saa nyingi taratibu, hivyo ivue uingiapo bafuni. Dai risiti, na jina la saa liandikwe humo. Za kuigiza ni nyingi, tena hufanana na za kweli hadi kwenye boksi.

Kisha ijaribu pale pale. Ivae kidole kimoja juu ya kifundo cha mkono, iwe imebana kidogo lakini isikuumize, maana ikilegea mwanga huvuja na hesabu huharibika. Keti dakika mbili. Weka vidole viwili kwenye mshipa wa mkono mwingine, hesabu mapigo kwa sekunde 30, uzidishe kwa mbili, ulinganishe na kioo. Halafu tembea hatua 100 barazani ukizihesabu mwenyewe. Ikipungukiwa hatua chache si kosa kubwa; ikikupa 60 au 160, mrudishie mwenyewe. Muuzaji atakayenuna kwa sababu umejaribu bidhaa yake amekwisha kukujibu.

Na ambaye mfuko haumruhusu hata bangili? Filbert Bayi alipoweka rekodi ya dunia ya meta 1,500 huko Christchurch mwaka 1974, mkanda wa kwanza wa kifuani wa kupima moyo bila waya ulikuwa bado haujauzwa. Ulitoka Finland mwaka 1982. Saa ya kawaida yenye kipima muda, kama ile Casio F-91W iliyokuwapo tangu mwaka 1989 na ambayo betri yake hudumu miaka saba hivi, pamoja na vidole vyako viwili, zatosha kwa mwaka wa kwanza. Toa umri wako katika 220. Nusu ya jibu hadi asilimia 70 yake ndiyo mapigo ya mazoezi ya kadiri kwa dakika. Mwenye miaka 40 hupata 180, kwa hiyo atembee hadi mapigo yafike kati ya 90 na 126, na asimame kuyahesabu kwa sekunde 15 mara moja moja njiani, akizidisha kwa nne.